KIPANDE KINACHOBAKI HOSPITALI
Somo la kikundi: sampuli za mwili na habari za wagonjwa katika utafiti wa saratani



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kuliona. Mtu ana uvimbe. Anaenda hospitali, anakatwa kipande kidogo, kipande kinapelekwa maabara, na baada ya siku kadhaa anaambiwa kama ni saratani (wengi tunaiita kansa) au siyo. Basi, anaanza matibabu, au anarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Lakini je, kile kipande kilienda wapi? Na yale yaliyoandikwa kwenye faili, yaani jina, umri, kijiji, kazi na idadi ya watoto, ni nani anayeyasoma?

Tumeandika somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, karatasi za kuomba ruhusa ya utafiti sasa zinafika hata kwa wagonjwa wa vijijini, na watu wanaweka kidole gumba bila kuelewa. Pili, kuna minong'ono. Ati vipande vinauzwa, ati damu inapelekwa kwa waabudu shetani. Mtu akisikia hayo anaogopa, anakaa na uvimbe wake nyumbani mpaka siku za kutibika zinapita. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Dawa ya minong'ono ni kujua ukweli wote, ule mzuri na ule mchungu.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanachama aweze:
(a) kueleza kipande cha mwili kinafanyiwa nini maabara, na kwa nini kinahifadhiwa;
(b) kutofautisha ruhusa ya kutibiwa na ruhusa ya utafiti;
(c) kutaja maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Muda: saa mbili, au vikao viwili vya saa moja moja. Kiongozi wa somo asome kwanza peke yake, kisha asomee kikundi polepole, akisimama kila sehemu ili watu waseme yaliyo moyoni.

1. SAFARI YA KIPANDE

Daktari akikata kipande cha uvimbe, anakitia kwenye chupa yenye dawa iitwayo formalini ili kisioze. Maabara wanakikausha maji yake na kukizamisha ndani ya nta iliyoyeyushwa. Nta ikiganda, kinakuwa kama kipande kidogo cha mshumaa chenye nyama ndani. Fundi wa maabara anakikata vipande vyembamba sana kuliko karatasi, anavibandika kwenye kioo, anavitia rangi, na daktari mwenye ujuzi huo anavitazama kwa hadubini. Hapo ndipo anajua kama ni saratani, na ni ya aina gani.

Hii ni kazi ya matibabu. Bila hiyo daktari anatibu kama mtu anayepapasa gizani, kwa maana saratani ni nyingi na kila moja ina dawa yake. Kwa hiyo tunasema wazi: mtu akiambiwa akatwe kipande cha kupimwa, asikatae kwa hofu. Wako wanaosema kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Mara nyingi mgonjwa huyo alikuwa amechelewa, na ugonjwa ulikuwa umeshasambaa kabla ya kisu.

Sasa, baada ya kupima, ile nta inabaki. Hospitali huiweka kabatini ikiwa na namba. Inawekwa kwa faida ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu ugonjwa ukirudi daktari atataka kulinganisha. Nta hiyo inaweza kukaa miaka mingi sana bila kuharibika. Sampuli nyingine, kama damu, huwekwa kwenye friji za baridi kali, nyuzi 80 chini ya sifuri. Akiba haiozi, nayo akiba hii kweli haiozi.

Na hapo ndipo mtafiti anapoingia. Mtafiti ni mtu anayetafuta chanzo cha ugonjwa au dawa mpya. Anajua kabatini mna vipande vya wagonjwa mia tano wa miaka ishirini iliyopita, na mafaili yanayoonyesha nani alipona na nani hakupona. Kwake hiyo ni shule kubwa. Akianza leo na wagonjwa wapya atangoje miaka ishirini mingine. Kwa hiyo anaomba afungue kabati.

Swali letu la leo ni hili: anamwomba nani?

Simameni hapa. Ulizaneni: Kabla ya leo, mlidhani kipande kikishapimwa kinafanywa nini?

2. MAMA WA BALTIMORE

Habari hii ilitokea Marekani, na inajulikana dunia nzima. Mwaka 1951 mama mmoja Mwafrika wa Marekani, Henrietta Lacks, mwenye miaka 30 na watoto watano, alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Katika kumtibu walimkata kipande, na sehemu ya kipande hicho ikapelekwa kwa mtafiti George Gey. Hakuulizwa. Siku hizo haikuwa desturi kumwuliza mgonjwa.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe zikitolewa mwilini, kwa kawaida hufa baada ya muda mfupi. Za mama huyu hazikufa. Ziliongezeka mara mbili kila siku, na mtafiti akawagawia wenzake kila mahali. Mama mwenyewe alifariki Oktoba 1951, lakini chembe zake zinaishi hadi leo katika maabara za dunia. Zinaitwa HeLa, kwa herufi za mwanzo za majina yake.

Zimefanya mema mengi. Zilitumika kujaribu chanjo ya polio katika miaka ya 1950. Na miaka ya 1980 mtafiti Mjerumani, Harald zur Hausen, alipokuwa akichunguza vipande vya saratani ya mlango wa kizazi, alikuta ndani yake virusi viitwavyo HPV. Virusi vya aina hiyo vilikutwa hata katika chembe za HeLa. Kazi yake ilitoa njia ya kutengeneza chanjo, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel. Hapa Kenya serikali ilianza kuwapa chanjo hiyo wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Kwa hiyo, mama, binti yako akichanjwa shuleni au kliniki, ujue chanjo ile ilipatikana kwa sababu wagonjwa wa nchi za mbali walikatwa vipande, na vipande vikahifadhiwa.

Sasa tusikie upande wa uchungu. Mume wa Henrietta na watoto wake hawakujua lolote kwa miaka zaidi ya 20. Walipata habari mnamo 1973, wakati watafiti walipotaka damu yao pia. Chembe za mama yao zilikuwa zimeshakuwa bidhaa inayouzwa na makampuni, huku wao wakiishi maisha ya shida. Tena mwaka 2013 wanasayansi wa Ulaya walitangaza hadharani siri za urithi zilizo ndani ya chembe hizo, ambazo ni siri za watoto na wajukuu wake pia, bila kuwauliza. Familia ikalalamika, habari zile zikaondolewa, na mwezi Agosti mwaka huo serikali ya Marekani ikakubaliana nao kwamba mtafiti akizitaka aombe ruhusa, na watu wa familia wawemo katika kamati inayoamua. Tarehe 1 Agosti 2023 familia ilimaliza pia kesi yake na kampuni moja kubwa iliyokuwa ikiuza chembe hizo.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kisa ambacho nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi: tajiri mwenye mifugo mingi alimchukua mwana-kondoo mmoja wa maskini ili amkirimu mgeni wake. Kumkirimu mgeni ni jambo jema. Kosa lilikuwa kuchukua bila kuomba. Hata jambo jema lina mlango wake, na mlango huo ni kuulizwa.

3. TAYA LA MTOTO WA KAMPALA

Tusidhani habari hizi ni za Wazungu tu. Moja kubwa ilianzia kwa jirani zetu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Akaenda kutafuta katika mafaili na kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto wengi wa namna ile, ambao kila mmoja alikuwa amehesabiwa kama ugonjwa wa peke yake. Mwaka 1958 akaandika habari zake.

Kisha akataka kujua ugonjwa huu unafika wapi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, mmoja wao Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, kaskazini magharibi ya Uganda, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri kama kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila hospitali ya serikali au ya misheni waliuliza: Mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Walikuta ugonjwa uko sana nchi za joto na mvua, lakini nyanda za juu zenye baridi haupo. Ulifuata mahali malaria ilipo. Angalieni: jambo hili halikuhitaji mashine kubwa. Lilihitaji hospitali ndogo ndogo ambazo ziliandika wagonjwa wao vizuri. Mali bila daftari huisha bila habari, na ugonjwa ni hivyo hivyo.

Burkitt alihutubia London mwaka huo wa 1961, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa akisikiliza. Wakapatana vipande vya uvimbe viwe vikitumwa kwa ndege kutoka Kampala. Karibu miaka mitatu Epstein hakuona kitu. Mwezi Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester badala ya London, na sampuli ikachelewa. Ilipofika, maji ya chupa yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angeitupa. Epstein akaitazama, akakuta chembe zimejitenga na ziko hai. Kutoka hapo waliweza kuziotesha, na mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Ndivyo virusi vya kwanza kabisa kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Vinaitwa Epstein-Barr. Watu wengi duniani wanavyo bila kudhurika, lakini kwa mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara hatari inaongezeka. Uvimbe huu wa taya hutibika kwa dawa, watoto wengi hupona, mradi waletwe mapema.

Jina la mtabibu na majina ya watafiti yamo vitabuni. Majina ya wale watoto hayamo, wala hakuna anayeweza kuwaambia wazazi wao kwamba uchungu wa mtoto wao uliufundisha ulimwengu. Chembe za watoto wengine Waafrika zinaendelea kuishi maabara mpaka leo. Ziko ziitwazo Raji, zilizotoka kwa mtoto wa miaka 11 wa Nigeria mwaka 1963, na ziko ziitwazo Daudi, zilizotoka kwa kijana Mwafrika wa miaka 16 mwaka 1967. Mtafiti wa Japani au wa Brazil leo anaweza kuagiza Daudi kama sisi tunavyoagiza mbegu.

Mwaka ule ule wa 1964 madaktari wa dunia walikutana Helsinki, nchini Finland, wakaandika kanuni kwamba mtu asifanyiwe utafiti kabla ya kuelezwa na kukubali kwa hiari. Kanuni hizo zimerekebishwa mara nyingi tangu hapo, na ziko kanuni nyingine juu ya sampuli na kumbukumbu zilizohifadhiwa.

Simameni hapa. Ulizaneni: Ungekuwa mzazi wa mtoto yule wa Kampala, ungetaka uambiwe nini?

4. KARIBU NA NYUMBANI: SARATANI YA UMIO

Umio ni lile bomba linalopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake inajulikana sana kwa watu wa Bonde la Ufa upande wa magharibi. Mgonjwa anaanza kushindwa kumeza ugali, kisha uji, mwishowe hata maji.

Katika hospitali ya misheni ya Tenwek, kaunti ya Bomet, walikaa chini wakapekua kumbukumbu zao za kuanzia 1996 hadi 2009. Wakakuta wagonjwa 109 wa saratani hii waliokuwa na miaka 30 au chini ya hapo. Duniani kote huu ni ugonjwa wa wazee. Kama hospitali isingetunza mafaili, kila kijana angezikwa na familia yake ikidhani ni bahati mbaya yao peke yao. Mafaili ndiyo yaliyosema: hapa kuna jambo.

Baadaye vipande kutoka kwa wagonjwa wa Kenya viliingia katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2021. Wagonjwa walikuwa 552 kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Tumbaku, kwa mfano, huacha alama yake ndani ya chembe, kama mwizi anavyoacha nyayo shambani. Watafiti walitafuta nyayo za kitu fulani kinacholeta ugonjwa huu kwa wingi mahali kama kwetu. Hawakuzikuta. Alama zilifanana katika nchi zenye wagonjwa wengi na zenye wachache. Kwa hiyo kazi ya kutafuta inaendelea. Tunayojua ni kwamba tumbaku na pombe huongeza hatari, na vinywaji vya moto sana, kupita nyuzi 65, vimetajwa tangu 2016 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa huenda navyo ni chanzo. Acheni chai ipoe kidogo, ndugu zangu.

Tunawaambia haya ili tusidanganyane. Mtu anaweza kutoa kipande, na jibu lisipatikane akiwa hai. Utafiti ni kupanda mwembe: anayepanda si lazima ale.

5. JE, MAANDISHI NAYO?

Wengi wanaogopa kipande na kusahau faili. Lakini faili linaweza kumwumiza mtu upesi zaidi. Mtu akijulikana ana saratani ya matiti au ya mlango wa kizazi, wako watakaomnyanyapaa, wako watakaosema amerogwa, na pengine mume atamkimbia.

Mtafiti mwaminifu haandiki jina. Anampa mgonjwa namba, na daftari la kuunganisha namba na jina linafungiwa mahali pengine. Ni kama sanduku letu la pesa lenye kufuli tatu: mwenye ufunguo mmoja hawezi kulifungua peke yake.

Hata hivyo kuondoa jina hakutoshi kila wakati. Tuseme kitabu kimeandika: "Mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa nasari, mama wa mapacha, kutoka kijiji fulani." Jina halipo, lakini nani kijijini asimjue? Ndiyo maana kijiji, kazi na mengine kama hayo nayo hufichwa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inahesabu habari za afya na za urithi wa mtu kuwa habari nyeti. Una haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, kusahihisha zenye makosa, na kupinga zisitumiwe. Ukitoa ruhusa unaweza kuiondoa. Sheria inaruhusu pia kumbukumbu zitumike kwa utafiti na hesabu za taifa, mradi matokeo yasitangazwe kwa namna ya kumtambulisha mtu. Mwenye malalamiko aende kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tena, kila utafiti hapa Kenya lazima upitiwe kwanza na kamati ya maadili na upate leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Kamati ile ina kazi ya kumlinda mgonjwa.

6. RUHUSA MBILI

Hapa ndipo moyo wa somo. Ruhusa ni mbili, wala zisichanganywe.

Ruhusa ya kwanza ni ya matibabu: nikate, nipime, nitibu. Ruhusa ya pili ni ya utafiti: kinachobaki kihifadhiwe, kichunguzwe na watu wengine, pengine nchi nyingine, pengine baada ya miaka mingi. Unaweza kutoa zote mbili. Unaweza kutoa ya kwanza na kukataa ya pili, na matibabu yako yasipungue hata kidogo. Mtu akikwambia ukikataa utafiti hutatibiwa, mwulize jina lake na mkubwa wake.

Mambo mengine ya kukumbuka:

- Mtu mzima anajiamulia. Mama hahitaji sahihi ya mumewe, ingawa ni vizuri kushauriana.
- Mtoto anaamuliwa na mzazi au mlezi, lakini naye aelezwe kwa kiasi cha umri wake na asikilizwe.
- Asiyejua kusoma asomewe katika lugha anayoielewa, mbele ya shahidi anayemwamini. Kidole gumba ni sahihi kamili.
- Usikubali kuharakishwa. Omba uende na karatasi nyumbani ukaisomewe, ukalale juu yake.

Na haya ndiyo maswali ya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Yaandikeni kwenye daftari la kikundi:

1. Mnatafuta nini katika utafiti huu?
2. Mtakata kingine, au mtatumia kilichobaki tu?
3. Kitahifadhiwa wapi, na kwa muda gani?
4. Kitapelekwa ng'ambo? Kuna mkataba na kibali?
5. Kitatumika kwa utafiti huu peke yake, au na mwingine utakaokuja? Mtaniuliza tena?
6. Nani ataona jina langu?
7. Mkikuta jambo linalohusu afya yangu au ya watoto wangu, mtaniita?
8. Kama kitu kitauzwa baadaye, jamii yetu itapata faida gani?
9. Nikibadili nia, nimwone nani?

Swali la 9 lina ukweli wake. Ukiondoa ruhusa, sampuli yako inaweza kuharibiwa na isitumike tena. Lakini hesabu zilizokwisha kutangazwa vitabuni haziwezi kurudishwa, kama vile unga uliokwisha kuingia sufuriani.

7. IGIZO

Wanachama wawili wasimame waigize. Wengine watazame.

NESI: Karibu mama, keti. Daktari ameshakueleza habari ya kukata kipande?

MAMA: Amenieleza, mwanangu. Kesho asubuhi.

NESI: Vizuri. Basi weka kidole hapa, na hapa pia.

MAMA: Hapa ni pa nini?

NESI: Ni mambo ya hospitali tu, mama. Foleni ni ndefu.

MAMA: Foleni naiona, mwanangu. Lakini karatasi ni mbili. Ya kwanza nimesomewa jana. Hii ya pili inasema nini?

NESI: (Anatulia.) Ya pili ni ya utafiti. Wanataka kuhifadhi kitakachobaki.

MAMA: Nikikataa, kesho nitakatwa?

NESI: Utakatwa, mama. Hizo ni habari mbili.

MAMA: Basi kwanza ninaweka kidole kwenye ile ya matibabu. Hii nyingine nipe niende nayo wodini. Binti yangu anakuja saa kumi, atanisomea. Nikielewa nitakuita.

NESI: Sawa mama. Na ukiwa na maswali, daktari wa utafiti atakuja mwenyewe akueleze.

Baada ya igizo ulizaneni: Nesi huyu ni mtu mbaya, au amechoka tu? Mama alimheshimu vipi huku akishika haki yake? Je, sisi tungeweza kusema hivyo mbele ya mtu mwenye koti jeupe?

8. MSIMAMO WETU

Mtauliza, je, nyinyi mnasema tukubali au tukatae? Sisi tunaona kutoa kwa ajili ya utafiti ni tendo la upendo, kama Msamaria aliyemhudumia mtu asiyemjua. Mgonjwa anayekubali anamsaidia mtoto ambaye hatamwona kamwe. Dawa tunazotumia leo zilijaribiwa kwa wagonjwa wengine kabla yetu, nasi tuna deni. Tena utafiti ukifanywa kwa vipande vya watu wa Ulaya peke yao, majibu yatakuwa ya Ulaya, na umio wa mtu wa Bomet utabaki fumbo.

Lakini sadaka ni sadaka ikitolewa na mwenyewe. Kilichochukuliwa gizani hakiitwi sadaka hata kikijenga kanisa. Kwa hiyo atakayekubali akubali kwa kuelewa, na atakayekataa asilaumiwe na mtu yeyote, wala na kikundi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kuna minong'ono gani kijijini kwetu juu ya damu na vipande vinavyochukuliwa hospitali? Upi una ukweli ndani yake, na upi unatuzuia kutibiwa?
2. Familia ya Henrietta Lacks ilikosewa katika nini hasa: pesa, heshima, au kutoambiwa?
3. Kikundi chetu kina daftari lenye habari za wanachama. Nani analisoma? Tunalitunza kama tunavyotaka hospitali itunze letu?
4. Kama utafiti umefanywa kwetu na ukaisha, watafiti wanapaswa kurudi kutueleza nini?

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA KIKAO KIJACHO

- Chagueni wanachama wawili, mmoja mama na mmoja mzee au kijana, wanaojua kusoma vizuri, ambao mgonjwa yeyote anaweza kuwaita wamsindikize hospitali na kumsomea karatasi. Watu hao waape kutunza siri.
- Mwalikeni mhudumu wa afya ya jamii au daktari wa kliniki aje ajibu maswali yenu.
- Kila mwanachama aulize nyumbani kwake: Je, kuna mtu mwenye uvimbe, au anayemeza kwa shida, ambaye hajaenda kupimwa? Huyo apelekwe wiki hii hii, asingoje kikao.

Tuombe pamoja. Ee Mungu uliyetuumba viungo vyote, wakumbuke wagonjwa wa saratani na wanaowauguza. Wape watafiti bidii na uaminifu. Sisi utupe ujasiri wa kuuliza na moyo wa kutoa. Amina.